Jioni Kumi na Moja za Ilomwa

1

Subilaga Mwaipaja hakuitikia shikamoo.

Ipyana alikuwa ameitoa kama alivyoitoa kwa miaka ishirini: alipokuwa mwanafunzi wake, alipokuwa msaidizi wake, na hata sasa ambapo yeye ndiye mkurugenzi wa Makao ya Usikivu na Subilaga ni mstaafu anayelima viazi bondeni. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, ikabaki inaning'inia pale mlangoni. Makarani watatu wakainua vichwa. Huko nyanda za juu mtu anaweza kukunyima chai, anaweza kukunyima hata binti yake, lakini marahaba hakunyimi mpaka kuwe na maiti kati yenu.

"Nataka rekodi mbichi za Ilomwa," Subilaga alisema. "Jioni zote tangu mwezi uandame."

Ipyana akatazama ubao, kwa kuwa kila mtu katika jengo lile alipoulizwa swali lolote alitazama ubao kwanza. Ulichukua ukuta mzima: majina mia mbili na kumi na mawili ya vituo, na mbele ya kila jina neno SALAMA kwa kijani. Ilomwa ilikuwa mstari wa themanini na nne. Kijani.

"Ilomwa wako salama, Mwalimu."

"Sikukuuliza wakoje. Nimekuomba rekodi."

Aliyemtoa shambani alikuwa Lwitiko Tweve, mkuu wa msafara wa malori ya dawa. Alimpitia asubuhi hiyo, akasimama ukingoni mwa tuta na kofia mkononi, akasema jambo ambalo alikuwa ameshawaambia makarani mara mbili nao wakamwonyesha ubao. Alisema, "Mama, mimi si mtu wa redio. Lakini watu wa Ilomwa hawakosi mnada. Hata mwaka wa nzige walikuja na vitunguu saizi ya vifungo na bado wakapandisha bei. Huu mnada wa pili sijawaona." Msafara ulikuwa unaondoka saa sita mchana kwenda upande wa Usangu, na ungerudi baada ya siku ishirini. Kanuni haimruhusu kupinda njia bila neno la ubao. Subilaga aliacha jembe limesimama palepale kwenye udongo.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Ipyana aliuliza kwa upole kama asingependa kwanza chai, na Subilaga akampita, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha zamani, ambacho hakuna aliyewahi kuthubutu kukitoa karibu na dirisha. Karani aliyekuwa amekikalia alihama na karatasi zake bila kuambiwa.

2

Tangu Mwaka wa Vyuma, setilaiti zilipogongana huko juu mpaka anga ikawa jaa la chuma chakavu, na nyaya za baharini nazo zikaoza bila wa kuzitengeneza, vituo vya nyanda za juu viliishi kwa uzi mmoja. Kila jioni saa kumi na mbili kamili, kila kituo kilirusha jina lake na neno moja lisilozidi herufi kumi na tatu, nafasi haihesabiwi. Vilirusha vyote kwa pamoja, kila kimoja kwenye upenyo wake wa sauti, kwa sekunde kumi na tano tu. Vilitumia nguvu isiyotosha kuwasha balbu ya chumbani, na wimbi hilo lilitakiwa livuke milima, mawingu na radi mpaka lifike Makao.

Rekodi mbichi, kwa asiyejua, ni chakacho tupu, kama bisi zinazopasuka jikoni kwa jirani. Subilaga alivaa vipaza sauti vya masikioni akaisikiliza jioni ya kwanza, ingawa alijua kuwa sikio la mtu halina kazi hapo. Ujumbe una noti sabini na tisa, kila noti moja kati ya vimo vinane vya sauti, na tofauti ya kimo na kimo ni ndogo kiasi kwamba hata mpiga zeze asingeijua. Noti ishirini na moja hazibebi neno lolote. Zimepangwa saba mwanzo, saba katikati, saba mwisho, kwa mpangilio uleule kwa vituo vyote, na kazi yake ni kubisha hodi. Programu hutafuta hodi hiyo kwanza ili ijue ni wapi na sekunde gani mtu amesimama mlangoni. Noti zilizobaki ndizo zenye jina na neno, vimesukwa kwa ziada, kama mtu anayekueleza jambo lilelile kwa njia kadhaa ili moja ikikupotea nyingine ikufikie. Mwisho kuna muhuri wa hesabu. Hesabu isipokubali, programu inanyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikokuwa fahari ya programu ile. Subilaga aliiandika mwenyewe, akiwa na miaka thelathini na miwili, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba haikuwahi kusema kitu isichokisikia.

Halafu ikaja miaka mitatu ya mvua za radi, vituo vikawa havisikiki, watu wakawa wanakufa kwa mambo ambayo lori moja lingeyamaliza. Subilaga akaongeza dhana. Badala ya kuiuliza mashine, "Huyu anasema nini?", aliiuliza, "Huyu anasema *Ilomwa, salama*, au hasemi?" Kutambua ni rahisi kuliko kusoma. Mtu anayeujua wimbo huusikia hata ukiimbwa nyumba ya tatu na milango imefungwa. Mashine ikaanza kuvipata vituo vilivyokuwa vimezama, na watu walilia kwa furaha chumbani humu. Lakini Subilaga alijua amefanya nini. Shahidi aliyetajiwa jibu kabla ya swali si shahidi kamili. Kwa hiyo kila mstari uliopatikana kwa dhana aliuwekea kinyota pembeni, na maana ya kinyota ilikuwa moja tu: hapa nimekisia.

Nani alikitoa kile kinyota? Wakubwa waliokuja kuzindua ubao mpya waliuliza vile vidudu ni vya nini. Watu wa vituo vyenye kinyota walinung'unika kana kwamba wametuhumiwa uchawi. Ipyana, enzi hizo msaidizi, alisema kwa adabu yake ileile kwamba ubao ungependeza zaidi bila madoadoa. Lakini aliyefuta alikuwa Subilaga. Ulikuwa mstari mmoja wa programu, na aliufuta siku ya Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Alijiambia kwamba wao wa ndani wanajua, hawatasahau. Miaka tisa ikapita, yeye akastaafu, wakaja makarani ambao hawajawahi hata kusikia kwamba kulikuwa na kinyota.

Alizima dhana. Akaipitisha jioni ya kwanza ya Ilomwa, programu ikanyamaza. Akaipitisha ya pili, ya tatu, zote kumi na moja, na programu ikanyamaza mara kumi na moja. Akaiwasha dhana tena. SALAMA, SALAMA, SALAMA, mpaka mwisho, kijani kibichi.

Akafungua sehemu ya mipangilio na kuona kizingiti, yaani kiasi cha ufanano ambacho mashine hukitaka kabla ya kukubali kukisia. Alikiacha kwenye hamsini na mbili. Sasa kilikuwa thelathini na tatu. Kilikuwa kimeshushwa mara tatu, na kila mara sababu ilikuwa imeandikwa kwa ufupi: *kupunguza mistari mitupu ubaoni*.

"Mmekishusha mpaka radi inapita," alisema kwa sauti. 

Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilitegemea mtu aliyekuwa upande wa pili. Katika kijitabu cha wapiga redio, ambacho Subilaga alikiandika na ambacho kila mwanafunzi alikikariri, kanuni ya nne inasema: *Usipoeleweka, usibadili neno.* Ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu asiyesikilizwa hutaka kupaza, kubembeleza, kutukana, kusema kwa namna nyingine. Lakini neno likirudiwa herufi kwa herufi, noti zake huwa zilezile kila jioni, na rekodi zinaweza kubandikwa moja juu ya nyingine. Chakacho la leo halifanani na la jana, kwa hiyo yanakatana yenyewe kwa yenyewe. Neno halikatiki.

Mpiga redio wa Ilomwa alikuwa Atuganile. Alisomea chumba hikihiki miezi sita, msichana wa kucheka cheka ambaye saa yake ilikuwa nyuma siku zote na ambaye Subilaga alimfukuza darasani mara mbili kwa utani. Sasa alikuwa mama wa watoto watatu. Kituo chake kilipata umeme wa kukanyaga, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na mume wake ndiye aliyekanyaga.

Subilaga alizitafuta hodi kwa mkono, jioni baada ya jioni. Saa ya Atuganile ilikuwa nyuma kwa theluthi moja ya sekunde, kama zamani. Akairekebisha. Kisha akaona jambo kwenye pazia, ile picha inayoonyesha sauti kama michirizi inayoshuka. Jioni nne za kwanza mchirizi wa Ilomwa ulikuwa umenyooka. Jioni ya tano ulipinda kuelekea mwisho, sauti ikishuka, kwa sababu anayekanyaga alikuwa anachoka kabla ya sekunde kumi na tano kwisha. Jioni ya sita ulipinda kutoka katikati, na ya saba hivyohivyo. Jioni ya nane aliyekanyaga alikuwa mwingine, mwepesi, anayekwenda kwa mitikisiko, na Subilaga alikaa akiutazama mchirizi ule mpaka akaelewa kwamba miguu ile ilikuwa ya mtoto.

Alinyoosha michirizi yote kwa hesabu, akazibandika jioni tisa pamoja, akazima dhana, akabonyeza. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Programu ikasoma, ikakagua muhuri wa hesabu, ikakubali:

ILOMWA KIPINDUPINDU

Zilikuwa herufi kumi na mbili, nazo zimesemwa vilevile jioni tisa bila kubadilishwa hata moja.

Na jioni ya kumi? Aliipitia mara nne. Hapakuwa na hodi. Ya kumi na moja vilevile: hapakuwa na mchirizi uliopinda wala ulionyooka, ni chakacho la radi tu. Hakuna aliyekuwa amerusha kitu. Ubaoni jioni zote mbili zilikuwa SALAMA.

Alidhani amefika mwisho wa ubaya, kumbe bado. Kwa mazoea tu alifungua daftari la majibu, kwa maana Makao huvijibu vituo, kwa mtambo wenye nguvu ya wati elfu moja unaosikika hata kwenye redio ya mkebe. Majibu yalikuwa yanajiandika yenyewe siku hizi. Kila jioni, dakika moja baada ya Atuganile kusema kipindupindu, Makao yalikuwa yamemjibu kwa sauti inayojaza nyumba: SALAMA IMEFIKA. Mara kumi na moja, mbili za mwisho zikiwa kwa watu waliokwisha kunyamaza.

Subilaga alisimama. Alikishika kikombe cha chai ambacho mtu alikuwa amemwekea, akakipiga ukutani chini ya ubao, na chai ikachuruzika kwenye majina ya vituo vya kusini.

3

Ipyana alisoma mara mbili. Rangi ilimtoka usoni, na Subilaga, ingawa hakutaka, aliona kwamba mtu huyu hakuwa mbaya. Hilo lilimkasirisha zaidi. Mtu mbaya ungemtandika ukalala usingizi.

Hakubisha. Alimwita Lwitiko palepale, akaandika kwa mkono wake kwamba msafara uelekee Ilomwa, malori yote matatu, na chumvi za maji, dripu na klorini vipakiwe kwanza. Lwitiko akapokea karatasi. Saa tano ilikuwa haijafika. Kama ingeishia hapo, Subilaga angeweza hata kumwitikia ile shikamoo.

Lakini alikuwa amekaa tena kwenye mashine, anarudisha mstari alioufuta miaka tisa nyuma.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Narudisha kinyota. Na kizingiti."

Akabonyeza. Ubao ukapepesa, na kwenye kijani kile vikachomoza vinyota kama vipele: thelathini na saba. Mistari sita ikawa mitupu kabisa. Karani mmoja, binti wa kutoka kimoja kati ya vituo hivyo sita, alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Ipyana akaenda kufunga mlango. Alisema kwa sauti ya chini, akimsihi, na maneno yake yalikuwa na mantiki, hilo lazima lisemwe. Ubao wa Makao hunakiliwa kwenye ubao wa kila kituo. Saa sita dirisha la mchana, muda wa Makao kurusha, likifunguka, nyanda zote zingeona. Vituo arobaini na vitatu vingejua kwamba havikuwa vinasikika, na malori ni matatu. Alimkumbusha Mwaka wa Njaa, msafara uliposimamishwa darajani kwa uvumi tu na kuvuliwa mpaka matairi. Njia ya Ilomwa inapita vituo vitano vyenye kinyota. "Nipe siku mbili," alisema. "Wafike kwanza. Wakifika, tutavirudisha polepole, na maelezo. Kwenye kuku wengi usimwage mtama, Mwalimu. Ukitangaza leo, hao uliowalilia ndio utakaowaua."

 Hasira si upofu, na Subilaga alijua kwamba huenda kijana huyu anasema kweli. Kama angeviacha vinyota vimefichwa siku mbili, malori yangepita kimyakimya na Ilomwa ingepata dripu zake. Ingekuwa siku mbili tu za uongo mdogo, wenye nia njema, wa kuwasaidia watu. Akakumbuka Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana.

Alimgeukia Lwitiko, aliyekuwa bado amesimama na karatasi yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke. "Baba, barabarani ni wewe. Unasemaje?"

Lwitiko aliikunja karatasi mara nne kabla ya kujibu. "Mimi nimeshasimamishwa na wenye njaa, na nimeshasimamishwa na wenye bunduki," alisema. "Mtu akiniona napita mbio na turubai limefungwa, atadhani nabeba unga. Akijua nabeba dripu za wagonjwa wa Ilomwa, na kwa nini, kuna atakayenipiga mawe na kuna atakayenisukuma kwenye tope. Sijui wangapi wa huku na wangapi wa kule. Lakini mke wa mtu huko Ilomwa ana dada yake darajani, mama. Hawa watu ni ndugu. Nyie mnaona majina tu hapo ukutani."

"Mke wa nani?" Ipyana aliuliza.

"Wa yeyote," Lwitiko alisema, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kupakia.

Subilaga aliviacha vinyota. Kisha akauvuta kwake ubao wa vibonye wa mtambo mkubwa, ule wa wati elfu moja, akazima majibu yanayojiandika, na kuweka ufunguo wake wa zamani, ambao hakuna aliyekuwa amekumbuka kuufuta. Makao yanaposema, husema kwa vituo vyote. Akaandika neno moja lenye herufi kumi na moja.

HATUKUSIKIA

Ipyana alilisoma begani kwake. Alisema Makao hayajawahi kusema hivyo tangu yajengwe. Alisema ukilirusha hilo, kila kituo kitajiuliza ni lini kilisikika na ni lini kilikuwa kinajiongelea peke yake gizani.

"Kijiulize," Subilaga alisema.  "Mwanamke amekaa kwenye kiti miongoni mwa maiti, jioni tisa, anasema neno moja, habadili, kwa sababu mimi nilimfundisha asibadili. Na sisi tunamjibu nini? Salama imefika. Mume wake anakanyaga huku anaharisha, halafu anakanyaga mtoto, sisi salama imefika. Wamenyamaza, bado tunawaitikia. Sikio la kufa halisikii dawa, Ipyana. Mimi nilidhani methali ile inamsema mgonjwa, kumbe inatusema sisi."

"Ni wewe uliyekitoa kinyota, Mwalimu." Hakusema kwa kumkomoa. Alisema kama mtu anayeshika tawi la mwisho.

"Ni mimi. Na wewe ukashusha kizingiti mara tatu. Kaa hapa ushuhudie tukisema."

Saa sita kamili dirisha la mchana likafunguka. Mtambo ukanguruma kwa sekunde kumi na tano, noti sabini na tisa, na taa za jengo zikafifia kama kawaida yake. Nje malori yalikuwa yanawashwa.

4

Malori yalisimamishwa darajani, kama Ipyana alivyosema. Watu wapatao mia mbili walikuwa wametandaza magogo. Walimshusha Lwitiko, wakafungua maturubai, na wengine wakachukua masanduku matatu ya klorini kwa ajili ya visima vyao wenyewe, kwa kuwa na wao walikuwa na kinyota na waliogopa. Ilikuwa karibu jioni walipoondoa magogo. Baadhi yao, wanawake saba na wanaume wanne, walipanda juu ya malori na majembe kwenda kusaidia kuzika. Yote mawili ndivyo Lwitiko alivyoyataja baadaye kwenye taarifa yake, mstari mmoja kwa kila jambo, bila kusema lipi lilikuwa kubwa.

Walipoteza nusu siku. Kwa kipindupindu nusu siku ni watu, na Subilaga hatajua kamwe ni wangapi. Alilijua hilo alipokuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha jioni ya pili, dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Hakuwa amerudi kwenye viazi vyake. Hakuwa amelala vizuri pia, na hasira yake ilikuwa imeshuka kutoka kichwani na kukaa tumboni, mahali ambapo hasira ya kudumu hukaa.

Ubao ulikuwa tofauti. Katika jioni ile moja iliyopita, vituo kumi na tisa kati ya vile arobaini na vitatu vilikuwa vimepandisha nyaya zao juu ya miti mirefu, vikaongeza wakanyagaji, vikasikika bila dhana. Nane kati ya hivyo havikusema SALAMA. Kimoja kilisema MAFURIKO, kimoja kilisema tu NJOONI. Ipyana, ambaye hakuwa amekwenda kwake siku mbili na shati lilikuwa lilelile, alikuwa anaandika orodha ya malori ya kuazima kwa wafanyabiashara. Hawakuwa wamesemezana isipokuwa kwa kazi.

Saa kumi na mbili kamili pazia likaanza kushuka. Subilaga alikuwa amelenga upenyo wa Ilomwa peke yake. Akaona mchirizi mnene, mng'avu, ulionyooka kama rula: betri ya lori. Lakini hodi ilikuwa nyuma kwa theluthi moja ya sekunde. Lwitiko hakuwa na saa inayochelewa. Atuganile alikuwa kwenye kiti.

Programu ikasoma bila kusaidiwa, na muhuri ukakubali.

ILOMWA WAMEBAKI 96

Karani akahesabu kwa sauti kutoka kwenye daftari la wakazi: Ilomwa ilikuwa na watu mia na arobaini. Akaacha kuhesabu hapo. Ipyana akaweka kalamu chini na kufunika uso wake kwa viganja, na safari hii Subilaga hakumtazama, kwa kuwa hakuwa na huruma ya ziada hata ya kujigawia mwenyewe.

Kanuni inaruhusu kila kituo neno moja kwa jioni. Ilomwa ilibisha hodi mara ya pili. Mchirizi uleule, uchelewaji uleule, sekunde kumi na tano ambazo Atuganile alizichukua bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa amepokea lile neno la mchana wa jana kwenye redio yake, kwa nguvu ya wati elfu moja, kama alivyopokea yale kumi na moja ya kabla yake, na sasa alikuwa analijibu.

ILOMWA SISI TULISIKIA

Chumba kizima kilisoma.  Yule binti karani, aliyepaswa kulipandisha neno kwenye ubao ili linakiliwe nyanda zote, aliuliza kwa woga aliandikeje, maana ubao haukuwa na nafasi ya jambo kama hilo, na Mkurugenzi alikuwa bado amefunika uso.

Subilaga akamwambia aliandike kama lilivyo, herufi zote kumi na tatu, bila kinyota.